Chumvi Ndani ya Bidoni

Popote ninapopanga chumba, nikitia chumvi majini na kuiona ikipotea, moyo hunienda mbio.

Wakati wa vita tulikuwa tukikimbia kutoka Baraka kuelekea Kazimia. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari walinyang'anya chumvi, na waliokutwa wameificha walipigwa risasi. Mama alikuwa ameiyeyusha yetu yote ndani ya bidoni la maji.

"Mama, niko na kiu," askari kijana alisema. "Lakini kunywa kwanza we mwenyewe. Batu ba huku banatiaka sumu."

Mama alikunywa bila kukunja uso. Nilikamata kikwembe alichojifunga. Askari naye akapiga funda moja, akatutazama.

"Kuko nini mule ndani?" mkubwa wake akapaza sauti.

Yule kijana akalamba midomo polepole.

"Ni mayi tu, shefu."