Mtoto Wetu Hakulia, Tukamsifu

Nilimvua mtoto nguo zote nikamlaza juu ya rejista ya daktari, pale pale alipokuwa akiandika. Nikamwambia, "Jana hukumwangalia. Leo utamwangalia."

Ndipo kisu kikaanguka.

Kilikuwa kisu kidogo cha kukatia nyama, kimefungwa kwenye kitambaa. Kilichomoka ndani ya dera langu, kikagonga meza, kikalala kando ya mguu wa mwanangu. Daktari akaruka hadi ukutani. "Soja! Soja! Huyu mama amekuja na silaha!"

Naitwa Ifrah. Nina miaka ishirini na mbili, nimemaliza fomu foo, na sijawahi kumchoma mtu. Naandika haya kwa kina mama wenzangu, hasa wenye mimba ya kwanza, mjue kisu kile kilifikaje pale na mwanangu alivyopona.

Kabla ya hapo nilikuwa na afya yangu. Tunaishi kijiji kimoja upande wa Eldas. Mume wangu alikuwa na ngamia huko Bute, mimi nikabaki na nyanya yake, Dahabo, tunayemwita Ayeeyo, yaani bibi, mkunga wetu. Mikono yake imepokea nusu ya kijiji. Miezi ya mwisho miguu ilinivimba na kiungulia kikanitesa, lakini kliniki sikukosa, na presha ilikuwa sawa. Ayeeyo mwenyewe ndiye aliyesema nizalie zahanati. Nikapata mtoto wa kiume, Zakaria, nikashonwa nyuzi tatu na nesi mmoja mpole. Kesho yake nesi huyo akaenda likizo.

Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Pazia linashushwa, uunsi unafukizwa asubuhi na jioni, chumba kinajaa moshi mtamu. Sikatai, harufu yake naipenda. Lakini gizani rangi zote ni moja.

Siku ya tatu Zakaria akaanza kulala sana. Nampa titi, anavuta mara mbili, analala. Matiti yakajaa yakawa mawe, maziwa yakachuruzika mpaka tumboni, mwenyewe amelala tu. Wanawake wakija kunitazama wanasema, "Mashallah, mtoto mtulivu! Wangu alilia kama mbuzi aliyenasa kwenye miiba." Nami nikajivuna. Wallahi nilijivuna. Mtoto anazama, sisi tunamsifu.

Siku ya tano Ayeeyo alimbadilisha nepi akakuta mkojo umeacha doa la rangi ya chai. Alimbeba hadi mlangoni, akafungua pazia, akamminya puani kwa kidole gumba, akaachia. Pale alipominya pakabaki manjano. Akamfunua jicho. Manjano.

"Ifrah," akasema, "moshi wangu umenificha mtoto. Kosa ni langu. Na hili mimi siliwezi, ni la hospitali."

Niambieni, ni mkunga gani anayeheshimiwa vile angetamka maneno hayo mbele ya mke wa mjukuu wake? Mimi namjua mmoja tu.

Kwa kuwa mimi sikupaswa kutoka, alikwenda yeye, mtoto kifuani. Kiswahili chake ni kidogo. Daktari alikuwa mgeni, ameletwa kushikilia zahanati, na hata shuka hakufunua. "Shosho, watoto wa huku ni weupe. Hiyo ndiyo rangi yenu. Mweke kwa jua la asubuhi, umlete siku ya sindano."

Ayeeyo akasema, "Macho, daktari. Macho."

Akacheka. "Macho yako ndiyo yamezeeka."

Alirudi akanieleza neno kwa neno. Hakulia yeye. Mimi ndiye niliyelia.

Asubuhi mtoto hakunyonya kabisa. Kilio chake kilikuwa chembamba, kama cha paka aliyefungiwa mahali. Nikasimama. Ayeeyo akanitazama, kisha akatafuta kisu. Kwetu mzazi akilazimika kutoka kabla ya arobaini hubeba chuma, kimkinge na jicho baya na majini. Akakifunga kiunoni mwangu kwa mkono wake.

"Mila nimekupa," akasema. "Sasa nenda, na hicho Kiswahili chako cha shule kifanye kazi leo."

Nilitembea nyuzi zikiniwaka kama pilipili, pedi imelowa damu, Ayeeyo kando yangu. Kilichotokea mezani mmeshakisikia.

Soja, mlinzi wa zahanati, akaingia: Adeer Noor, yaani Ami Noor, mtu wa kwetu. Nilidhani atanitoa. Aliangalia kisu akajua ni cha nini, maana dada zake wote wamezaa. Kisha akamwangalia mtoto.

"Daktari, hiki ni chuma cha mzazi. Lakini mtoto mbona amekuwa kama siagi?"

"Wewe ni soja, si daktari!"

"Ndiyo. Na hata soja ameona."

Akatoa simu yake mfukoni, akampigia dereva wa ambulansi. Ruhusa hakuomba.

Huko hospitali kubwa daktari wa kike alimpima damu, akauliza, "Nani aliyeiona kwanza?" Nikamwonyesha Ayeeyo, nikamweleza tulivyoambiwa tungoje siku ya sindano. Akamshika mikono yote miwili. "Mama, mngengoja hiyo siku ya sindano, manjano ingeingia kwenye ubongo."

Zakaria akalazwa chini ya taa ya buluu ya kumtoa manjano siku nne, macho yamefunikwa, mwili wazi. Mimi nakamua maziwa kwenye kikombe, Ayeeyo anamnywesha kwa kijiko. Siku ya tatu akamkojolea nesi, mkojo mweupe kama maji. Ayeeyo alicheka mpaka shungi likamwanguka. Kisha mtoto akalia, kilio cha haki, cha kuudhi wodi nzima. Alhamdulillahi. Sijawahi kusikia kelele nzuri kama ile.

Sasa ana miezi mitatu. Masikio, ambayo manjano huweza kuyaharibu, yamepimwa, yako sawa; akisikia sauti ya Ayeeyo anageuza kichwa. Ayeeyo bado anafukiza uunsi, lakini asubuhi pazia linafunguliwa kwanza. Kila mtoto mchanga wa kijiji anatolewa mlangoni, anaminywa pua, anafunuliwa jicho. Fanyeni hivyo na nyinyi. Mtoto anayelala hadi anasahau titi msimwite mtulivu. Mwamsheni, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Ukiambiwa ndiyo rangi yenu, usiondoke.

Hasira yangu haijaisha. Siku tuliporudi nilifungua kitabu cha kliniki, ukurasa wa siku ile. Palikuwa na sentensi moja: "Mama mkali, amekuja na kisu."

Nikaandika barua, nikaipeleka mwenyewe ofisi ya afya ya kaunti ndogo, sikutoka mpaka ikapigwa muhuri. Adeer Noor alitia sahihi. Ayeeyo alitia dole gumba, lile lile alilomminyia mtoto. Barua ni hii:

"Mimi, mama wa mtoto Zakaria, nalalamika rasmi. Mwanangu aliletwa kwenye zahanati mara mbili. Mara ya kwanza hakufunuliwa. Mara ya pili nilimfunua mwenyewe. Bibi yetu alisema 'macho', akachekwa, naye ndiye aliyekuwa sahihi. Siombi daktari afukuzwe. Naomba aje amwombe Bi Dahabo radhi, Adeer Noor akiwepo. Kisha afungue kitabu cha mwanangu. Kisu amekiandika. Manjano hajaandika. Aandike."