Kanga ya Kumpungia Jirani

Juzi nilikuwa Mkwaja kwa mazishi ya binamu yangu. Tukiwa bado uani, kindege cha watalii wa Saadani kikapita chini chini juu ya paa la msikiti. Vijana hawakuinua hata macho. Mimi, kikongwe ninayekaribia miaka themanini, nilijikuta nimesimama na mkono uko hewani.

Utotoni mwetu kijijini hapo, miaka ya hamsini, ndege ilikuwa ndiyo saa yetu. Kila Jumanne asubuhi ilitoka Dar es Salaam kwenda Tanga ikifuata ufuo kuelekea kibla, bahari ikiwa kuliani kwake. Bibi yangu akiisikia alibandika wali. Mwalimu wa chuo cha Kurani akiisikia alituachia tukaoshe mbao zetu, nasi tukatoka mbio huku harufu ya mbata, nazi zilizoanikwa zikauke, imejaa kijiji kizima.

Mbata hizo alizinunua jirani yetu, mtu wa asili ya Oman. Mwaka mmoja alikwenda Dar kutibiwa jicho. Jahazi lilimtapisha njia nzima, akaapa kurudi kwa ndege. Akamtumia mkewe salamu: "Jumanne nitapita juu ya nyumba. Toka unipungie, nikuone kwa jicho jipya."

Jumanne hiyo mvua ya masika ilimwagika. Mkewe alikuwa mja mzito, miguu imevimba. Alinipa kanga yake nyekundu.

"Nenda wewe mwanangu mwenye miguu. Bora asinione, atadhani wamemharibu jicho, anaona wake wawili."

Nikatoka nacheka. Uwanjani nilikuwa peke yangu, watu wote wamejifungia ndani. Ndege ilikuja chini mno, ngurumo yake ikikatika. Mara ikauacha ufuo, ikapita juu ya minazi na kuingia bara, wingu likaimeza. Nilichopungia ni mkia.

"Umemwona?" akaniuliza niliporudi.

"Nimempungia."

Haikufika Tanga. Kesho yake wakaja watu wa serikali kuuliza. Wazee barazani walijibu kwa yakini: "Tuliisikia kwa masikio yetu. Imepita baharini, njia yake ile ile." Ni kweli waliisikia. Kuiona, hakuna aliyeiona.

Nilimvuta bibi nguo, nikamnong'oneza, "Bibi, imekwenda bara."

Akanifinya. "Nyamaza. Mtoto hasahihishi wazee mbele ya wageni."

Nikanyamaza. Mashua zikatafuta baharini siku tatu.

Siku ya nne mrina asali akaikuta porini, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Wote walikuwa wamekufa. Lakini jirani yetu alikuwa mbali kidogo na wenzake, kivulini, mguu wake uliovunjika ameufunga kwa kilemba. Waliomwosha walisema hakufa siku ile, wala ya pili yake.

Bibi aliposikia hayo aliacha kula. Matanga yalipokwisha alinishika mkono, tukaenda kwa mjane, aliyekuwa ameshajifungua, mtoto mchanga kifuani.

"Huyu aliiona ilikokwenda," bibi akasema. "Alitaka kusema. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Mjane alinitazama hata nikatamani anipige. Kisha akamgeukia bibi.

"Mtoto huyu ameshakula?"

Akanisogezea sahani yake. Nikala, machozi yanadondokea wali, na hakuna aliyenikataza.

Leo nyumba ile imebaki msingi. Mjane, mwalimu na wazee wa baraza wote wamelala makaburini, Mungu awarehemu. Namshukuru kwa umri alionipa, na nangoja siku atakayoniuliza juu ya ukimya wangu.

Bibi hakunifinya tena maishani mwake. Tangu msiba ule, likizuka jambo lolote, hata kuku aliyepotea, aliwaacha watu wazima waseme, kisha akanigeukia mimi mbele yao wote: "Na wewe, mjukuu wangu, umeona nini?" Nilizunguka Mkwaja yote juzi, na hakukuwa na mtu wa kuniuliza hivyo.