Neno Alilojiandikia Baba Mdogo

Tarehe nne Juni nilimpoteza mama. Tarehe tano nikapoteza mahali pa kumzika.

Tulitoka Kibeta, Bukoba mjini, asubuhi na jeneza kwenda Kimwani, kwenye kibanja chetu cha migomba alikozikwa baba. Mama alikuwa ameomba hilo tu, alale karibu na mumewe kati ya migomba. Tulipofika tukakuta uzio mpya na lango lenye kufuli. Baba mdogo, ndugu yake baba wa kumfuata, alikuwa barabarani akitungojea. Akanivuta pembeni akasema kibanja kilishauzwa tangu mwaka juzi kwa mtu wa Ngenge, na kwamba mwenye mali hawezi kupokea kaburi la mgeni. Mama yangu alipalilia pale miaka kumi na minane. Aliitwa mgeni.

Tuligeuza gari. Mama tulimzika kwenye makaburi ya mjini, mvua ikinyesha. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Nilikuwa nafikiria namna ya kumvua nguo baba mdogo mbele ya watu.

Baba alifariki nikiwa darasa la saba, mtoto wake pekee. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa ukamchagua baba mdogo awe omukuza wangu. Kwetu omukuza si mrithi. Anakitunza kibanja cha marehemu, anakula sehemu kwa jasho lake, anamlea mtoto kwa kinachobaki, na mtoto akikua anamkabidhi mali yake mbele ya ukoo. Alikubali. Akanisindikiza mwenyewe kujiandikisha sekondari.

Fomu ya shule ilikuwa ya Kiingereza. Palikuwa na mstari ulioandikwa guardian, naye akamuuliza karani maana yake. Karani akamwambia ni mlezi, anayemlinda mtoto na mali yake.

“Basi hilo ni langu,” alisema, wazazi wote wasikie. “Omukuza ndiye mimi.”

Baba mdogo alipenda sana kujaza fomu. Hakuwahi kuacha mstari wazi. Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, na mahali palipouliza ada itatoka wapi akaandika kwa Kiswahili: “Kwa mapato ya kibanja cha marehemu kaka yangu, ninachomtunzia mtoto huyu mpaka akue.” Akatia sahihi, kisha, bila kuombwa, akaweka na dole gumba.

Nilifika kidato cha pili tu. Alisema mnyauko umeingia kwenye migomba, hakuna tena cha kulipia ada. Mama na mimi tukahamia mjini kutafuta kazi. Shule ilinirudishia faili langu, nami nikaitunza ile fomu kwa sababu ilikuwa na picha yangu ya pekee ya utotoni. Yeye aliendelea kututumia mikungu ya ndizi mara mojamoja, na salamu kwamba kibanja kiko salama.

Wiki mbili baada ya mazishi niliitoa fomu. Nafanya kazi ya kupima vitambaa kwenye duka la familia ya Kihindi pale Bukoba, moja ya chache zilizobaki. Bibi mwenye duka ana kamusi kubwa ya Kiingereza, nikamwomba anisaidie kusoma neno lile. Tulilisoma pamoja juu ya meza ya kukatia. Linaanza na g, ikifuatwa na u ambayo haitamkwi. Waingereza walilipata kwa Wafaransa wa zamani, na Wafaransa walilipata kwa makabila ya Kijerumani ya kale, ambako shina lake lilikuwa kuangalia, kutoondoa macho. Waingereza walikuwa tayari na neno la shina hilohilo, lenye w, nalo ni ward, ulinzi.

Nilirudia pale penye kuangalia. Baba mdogo alituangalia tukipakia godoro kwenye gari la kuja mjini.

“Neno hili la nini?” bibi aliuliza.

“Kuna mtu aliliandika, nataka kumlisha.”

“Basi lisha polepole,” alisema, “asije akatapika kabla hajashiba.”

Nilifuata ushauri wake, na hapa niseme ukweli. Ningeweza kuipeleka fomu kwa wazee wa ukoo, wakamwita ndani, mambo yakaisha kimyakimya. Mmoja wao aliniomba nifanye hivyo kama ninacho chochote. Nilimwambia sina. Nilitaka baba mdogo aape kwanza.

Nikafungua shauri kwenye baraza la ardhi, Muleba. Akaja amenyoa ndevu, akashika Biblia, akasema kaka yake alimpa kibanja akiwa hai kwa kumuuguza, na kwamba hakuna aliyewahi kumfanya mlezi wa mtu. Mzee mmoja aliyebaki wa kikao kile cha matanga aliulizwa, akasema amesahau. Nilimwacha baba mdogo amalize. Alimaliza vizuri, hata akatoa leso akafuta macho.

Ndipo nikapeleka fomu mbele. Mwenyekiti akaitazama, akampa baba mdogo aisome kwa sauti. Akasema hakuja na miwani.

“Ninayo ya mama,” nilisema.

Nilikuwa nimeibeba kwenye mkoba makusudi. Aliivaa. Akasoma jina lake, akasoma maneno yake ya Kiswahili mpaka mwisho, na alipofika kwenye neno la Kiingereza akasita.

“Maana yake nini?” mwenyekiti aliuliza.

“Mlezi.”

“Wa nani?”

“Wa huyu.”

“Huyu hana jina?”

Akalitaja jina langu. Nyuma mtu alicheka, na mwingine akasema kwa Kihaya kwamba omukuza ameshiba. Nilikaa nikasikiliza kicheko kile kama chakula.

Baraza lilisema hakuwa na haki ya kuuza. Kibanja kikarudi kwangu, na yeye akaamriwa kumfidia mnunuzi. Hakuwa na cha kumfidia ila kibanja chake mwenyewe. Kikaenda. Sasa anakaa kwa binti yake, chumba cha uani.

Mama bado yuko makaburi ya mjini. Dada zake wamekataa, wanasema asisumbuliwe. Kwa hiyo sikuipata haja yake, nilipata yangu. Wanaoniambia nimsamehe nawaambia bado, na sijui kama ni bado au ni kamwe.

Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, baba mdogo alikuja Kimwani. Nilikuwa napunguza majani ya migomba. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango, amekonda. Aliuliza habari za kazi, kisha akabembeleza, “Waitu mwanangu, nipe kona tu ya kupanda maharage. Huko chini, ambako hutumii.”

“Hapana.”

“Hata msimu mmoja?”

“Hata mmoja.”

Kwetu mgeni hupewa buni kavu za kutafuna kabla ya lolote, hata kama mmegombana. Kikapu changu cha buni kilikuwa dirishani. Alikitazama, akanyoosha mkono kidogo, akangoja. Nikakichukua kikapu nikakiingiza ndani.

Nilipotoka alikuwa amesimama, anafunga vifungo vya koti. Akaniaga kwa Kihaya, kwa heshima zote. Sikuitikia. Akashika njia ya barabarani.