Bafu la Bi Mwaija

Raya Nurdin alikulia Kirumba, jijini Mwanza, akasomea usanifu wa majengo, akarudi na tabia iliyowachosha ndugu zake: hakuingia nyumba ya mtu bila kugongagonga kuta. Kwa hiyo chama cha wafanyabiashara wa mtaani kilipomwomba achore jengo la fleti za bei nafuu kwa ajili ya wazee, familia nzima ilishukuru. Angalau sasa angegonga kuta zake mwenyewe.

Alichora kwa mapenzi. Milango aliipanua, ngazi akaziondoa akaweka njia za mteremko. Sebule zote akazielekeza ziwani ili wazee watulie wakitazama maji. Mabafu akayasukuma upande wa barabara, akayafunga vyuma vya kujiinulia ukutani.

Kwanza ilijengwa fleti moja ya mfano. Raya akambembeleza bibi yake, Bi Mwaija, akae humo kwa muda aone panamfaaje. Bibi alikubali, kwa sharti kwamba asisumbuliwe kwa maswali.

Wiki chache baadaye Raya akaenda kumjulia hali. Sebuleni hapakuwa na mtu. Kochi jipya lilikuwa likitazama ziwa peke yake. Akasikia vicheko kutoka bafuni. Akasukuma mlango.

Bi Mwaija alikuwa kwenye kiti cha kuogea kilichofungwa ukutani, kikombe mkononi. Jirani yake, Mama Dorcas, alikalia choo kilichofunikwa na kutandikwa kanga. Mzee Shigela, seremala mstaafu, alikuwa kwenye stuli chini ya dirisha, ameshika chuma kimoja cha kujiinulia. Maandazi yalikuwa kwenye sinki.

"Shikamooni," Raya akasema, kwa kukosa neno lingine.

Wakaitikia kwa pamoja, wakamsogezea ndoo akae. Alipouliza kwa upole kwa nini wasihamie sebuleni, bibi yake alimtazama kwa huruma.

"Sebuleni kuna nini, mjukuu wangu? Ziwa nimeliona tangu nizaliwe, halijaniamkia hata siku moja. Hapa kila anayepita ananisalimia."

Mzee Shigela naye alivisifu vile vyuma, maana alikuwa anainuka bila kuvutwa na mtu. Kisha akashauri, kwa heshima zote, bafu liongezwe ukubwa, kwa kuwa Jumapili huwa wanabanana.

Raya alirudi nyumbani amenuna. Alimlalamikia mumewe, Yunus, kwamba wazee hawajui kutumia nyumba. Yunus alicheka mpaka akapaliwa, halafu akamuuliza yeye mwenyewe hapo amekaa wapi. Raya alikuwa amekaa kibarazani, akifuatilia ugomvi wa jirani na fundi bomba.

Kesho yake akachora upya. Sebule zikaja barabarani, kila moja na kibaraza kipana chenye benchi na vyuma vya kujiinulia. Mabafu yakahamia nyuma. Kikaoni, mwenyekiti wa chama, Mzee Maige, aliuliza kama basi wazee watakuwa wanaoga wakitazama ziwa. Raya alipomwambia madirisha hayo yatakuwa juu, mwenyekiti alionekana kusikitika kidogo.

Jengo limekamilika, na Bi Mwaija amehamia moja kwa moja. Raya akitaka kwenda kumwona, siku hizi huaga kazini mapema. Toka getini hadi kwa bibi ni vibaraza mfululizo, na kila kimoja kina mzee anayetaka kujua kwa nini amekonda.