Mateka wa Mtani

Shule yetu ya kati, ya serikali, ilikuwa Korogwe, na sisi tuliotoka Misima tulilala bwenini. Wakati wa Mwingereza shule za namna hiyo zilikuwa chache. Aliyepata nafasi kisha akaiacha hakuwa na pengine pa kwenda. Naomba ulishike hilo, msomaji wangu.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa Mnyamwezi. Baba yake aliletwa kwa lori kukata mkonge kwa kandarasi, mmoja wa wale tuliowaita manamba. Mimi ni Mzigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Basi tangu siku ya kwanza aliniita mtumwa wake, nami nikamjibu kuwa babu zake walipita kwetu wamebeba pembe za watu wengine. Tulipendana sana.

Tulipokuwa darasa la saba, baba yake akafa kwa homa kambini. Msimamizi wa shamba akaamua kumrudisha mjane kwao pamoja na mwanawe, kwa lori la kupitia Handeni hadi Morogoro, wakapande gari moshi.

Kijana ambaye hajauona utani wa zamani atashangaa, kwa hiyo nieleze taratibu. Mtani ana kazi msibani: huchimba kaburi, husaidia kuzika, na huwachekesha wafiwa. Anaweza pia kukamata kitu chao, kiti au hata mtu, akakishikilia mpaka kikombolewe. Akipewa fidia, hata iwe ndogo, hana budi kuachia.

Baba yangu alikuja kuzika. Nilikuwa nimemsihi amchukue rafiki yangu amalize shule. Akaniambia kwamba kumwomba mjane mtoto wake wa pekee waziwazi ni kumwambia ameshindwa kulea. Angemkamata kiutani; mama yake angeelewa, angemwacha bila kumkomboa, na hakuna ambaye angeaibika. Nikaenda kumnong'oneza rafiki yangu. Alifurahi, kisha akaona haya kufurahi.

Siku ya kumaliza matanga, baba akamshika rafiki yangu mkono mbele ya watu.

"Huyu ni mateka wangu. Atanilimia Misima mpaka mvi zimwote."

"Utamlisha nini, Mzigua?" mjane akauliza. "Kwenu hata panya wanahama kwa njaa."

Watu wakacheka. Naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akainama, akakamata kuku aliyekuwa akidonoa pumba, akampa baba.

"Chukua fidia yako, mtani. Niachie mwanangu, sina mwingine."

Baba alisimama na kuku mkononi. Nilingoja aseme kwamba safari hii hakuwa akitania. Leo naelewa kwa nini hakusema: kicheko kile ndicho alichokuja kumpa mjane, na neno moja la kweli lingekizima. Akauachia mkono. Rafiki yangu hakusogea. Mama yake ndiye aliyemvuta.

Kesho yake lori lilipokuja, mama alimpandisha mwanawe kwanza, ndipo mizigo. Akamshukuru baba kwa kumchekesha, akamtania tena kuhusu njaa ya Wazigua, na baba akamjibu kwa utani vilevile, mpaka lori likaondoka. Mwanawe alikuwa bado amevaa kaptula ya shule.