Nguo Chafu za Nge wa Barahona

Kwa miaka kumi na tisa Ercilia Matos alifua nguo za timu ya Nge wa Barahona, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutazama mechi moja ya besiboli mpaka mwisho. Hakuwa na haja nayo. Wachezaji walipokuwa wakipiga porojo redioni jinsi wanavyojituma, yeye alikuwa na suruali zao mkononi. Aliyejitupa chini ili kuwahi kituo alirudi na udongo mwekundu hadi kiunoni. Mvivu alirudi msafi kama bwana harusi. Mlevi, hata akitafuna majani ya mnanaa gunia zima, shati lake lilimsema.

Ndiyo maana Don Fulvio, kocha mkuu, mtu wa tumbo kubwa na subira ndogo, alikuwa na desturi yake ya katikati ya msimu. Mechi ya ishirini na tano ikishachezwa, Jumatatu ya mapumziko, kabla hajaketi na wale vijana wa ofisini na kompyuta zao, alishuka chumba cha kufulia, akageuza ndoo, akakaa, akamuuliza Ercilia habari za mchezaji mmoja mmoja. Kisha alipanda juu kuamua nani abaki na nani aachwe.

Mwaka ule Jumatatu hiyo ilimkuta Ercilia pabaya. Nge walikuwa wameshinda mechi tisa na kupoteza kumi na sita, mji mzima ulitaka watu wafukuzwe, na yeye alikuwa na siri ya Leudy.

Leudy Batista, kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa mrushaji bora wa timu, na Ercilia ndiye mama yake wa ubatizo. Kwa wiki tatu shati lake la ndani lilikuwa likifika linanuka dawa ya kuchua, mkono wa kulia tu, kuanzia kwenye kiwiko. Alipomuuliza, kijana alimkumbatia akacheka.

"Mama, hili ni langu, lako na la sabuni. Kiwiko kinanigomea kidogo tu. Wajapani wanaosajili wachezaji wanakuja Desemba kunitazama. Nikipata mkataba, wewe na hilo beseni mtaachana!"

Ercilia akaahidi kunyamaza. Lakini kila asubuhi langoni mwa uwanja alipishana na Nicasio, mrushaji wa zamani, anayeuza tiketi za bahati nasibu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukuweza hata kuinua kitana. Nicasio naye enzi zake alinuka dawa ile ile, na Ercilia alijua, akanyamaza.

"Haya, Doña Ercilia," alisema Don Fulvio akijishusha kwenye ndoo, "nisomee msiba wangu."

"Yule wako wa upande wa kushoto, nguo zake mimi nazikunja tu. Kuzifua ni kupoteza maji."

"Mshenzi yule! Na mdakaji?"

"Huyo ananiua. Magoti yake mpaka niyasugue kwa brashi. Huyo mtunze, ndiye timu yako."

"Na mwanao Leudy?"

Ercilia alijifanya anatafuta sabuni. Kisha akapiga moyo konde.

"Kiwiko kinamuuma. Wiki ya tatu sasa. Yeye hatakwambia, anaogopa. Mpumzishe japo wiki mbili, Don Fulvio, nakuomba."

Don Fulvio alimshukuru, akamgusa bega, akapanda ngazi.

Leudy hakupumzishwa. Saa tisa alasiri aliachwa. Barua haikutaja kiwiko, maana kukitaja kungekuwa kukubali gharama ya kumtibu. Ilisema kiwango chake katika nusu ya kwanza ya msimu hakikuridhisha, wakati mechi nne kati ya zile tisa za ushindi zilikuwa zake. Aibu hawana.

Leudy alishuka chumba cha kufulia na begi begani.

"Nani kamwambia kocha? Tulikuwa watatu, na sabuni haina mdomo."

"Nilitaka upumzike, mwanangu."

"Ulinibeba kwenye maji ya ubatizo, leo umenizamisha mwenyewe. Usiniite mwanao."

Alhamisi timu ya Azua ilimchukua. Barua ya Nge haikusema kitu juu ya mkono, nao hawakuuliza. Leudy, kwa hasira ya kuonyesha kwamba ni mzima, aliomba kurusha Jumamosi ile ile. Ercilia alikuwa anapiga pasi, redio pembeni. Katika awamu ya tatu ya mchezo mtangazaji aliikatiza sentensi yake, akasema kijana amepiga magoti, ameushika mkono, hainuki. Ukano wa kiwiko ulikuwa umekatika. Daktari alisema atakula na kuandika kwa mkono ule, lakini kurusha mpira asahau.

Ercilia alipika sufuria ya supu nzito ya nyama na mihogo, akaipeleka kwa Mireya, mama yake Leudy, shoga yake tangu usichana. Mireya aliipokea kwa mikono miwili, akaimwaga uani mbele ya macho yake, akamrudishia sufuria tupu.

Jumatatu iliyofuata Don Fulvio alishuka na keki ya nanasi.

"Umetuokoa, Doña. Mkono ule ungekatikia kwetu, tungekoma! Sasa Azua ndio wanalia." Akageuza ndoo, akakaa. "Haya niambie, mwingine yupo?"

Ercilia alikuwa na soksi ya mdakaji mkononi. Bendeji ilikuwa imegandia ndani yake, nyeusi kwa damu na usaha, kutoka kisigino hadi juu ya kifundo. Alimchukia mtu yule aliyekaa pale na keki yake, na alijichukia mwenyewe zaidi.

"Wote wazima, Don Fulvio," alisema, akaitumbukiza soksi kwenye maji ya moto.