Mlango Uliombeba Lino

Kazi ya Santina katika hoteli ile ilikuwa kufuta vumbi kwenye mali za watu waliokimbia. Mkataba haukusema hivyo, bila shaka. Mkataba ulisema usafi wa ukumbi. Lakini ukumbi wenyewe, ule wa chini wenye mashine za kamari na meza za karata, ulikuwa umejaa milango isiyofunguka kwenda popote, madirisha yanayotazama ukuta, kengele ya shule isiyoita mtoto yeyote, nguzo za veranda za zama za Mwingereza, na benchi la kanisa ambalo walevi waliliwekea glasi zao. Meneja aliziita antiki. Wageni walipiga nazo picha. Santina alizipaka mafuta kwa kitambaa akafunga mdomo, maana kazi nyingine Juba mwaka ule kwa mjane wa miaka hamsini na tisa haikuwepo.

Vita vilikuwa vinaendelea kusini, upande wa Kajo-Keji na Yei, na kila walikotoka watu kulitoka vitu: kwanza mabati, kisha fremu, mwisho milango. Aliyevileta ni mtu mmoja anayeitwa Konga. Alikuwa na lori, na lori lake lilipita mahali ambapo magari ya wenzake yalirudishwa au kuchomwa. Lilipitaje? Watu hawakuuliza. Walijua, na kujua kulitosha.

Santina alizaliwa Limi, kijiji kidogo huko huko kusini. Alipokuwa mama mchanga alikimbilia Uganda, akauza dagaa na karanga sokoni Arua miaka kumi na minne. Hapo ndipo alipookota Kiswahili, kutoka kwa wafanyabiashara wa Kongo waliopunja watu kwa lugha tamu. Amani ilipokuja akarudi Limi na mumewe, fundi seremala, wakakuta kanisa limebaki kuta tu. Mume akaranda mbao za mkangazi wiki mbili nzima, akatengeneza mlango bila msumari hata mmoja wa chuma, vigingi vya mti vitupu. Mchwa walipokuja kula pembe ya chini akaikata, akaunga kipande cha mti mwingine, mweupe. Miaka miwili baadaye yeye mwenyewe alibebwa juu ya mlango huo kwenda kaburini.

Ndivyo walivyofanya Limi. Mbao za jeneza hazikupatikana, kwa hiyo mtu akifa mlango wa kanisa unang'olewa kwenye bawaba, anawekwa juu yake, watu wanne wanabeba. Mlango haurudi mahali pake mpaka udongo umfunike marehemu. Na kulikuwa na desturi nyingine, ya tangu enzi za vita vya kwanza, watu walipozoea kukimbia katikati ya mazishi: ukimkuta mtu aliyeushika mlango mwisho, ukamtajia jina la marehemu wako, ni lazima akuambie alipomlaza. Hadai kitu na hanyamazi. Hata adui alijibu.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 Lino, mwanawe Santina, mwalimu wa katekisimu, alipigwa risasi kisimani akiwa na ndoo mkononi. Walimlaza juu ya mlango kesho yake asubuhi. Walikuwa nusu ya njia ya makaburini bunduki ziliposikika, wabebaji wakamweka chini, wakakimbia. Santina alibaki amepiga magoti. Mkamwana wake Kiden ndiye aliyemburuta kwa nguo, mtoto mmoja mgongoni, wawili wakilia mbele. Walivuka mpaka bila kugeuka nyuma, na hilo la kutogeuka Santina hakujisamehe.

Kambini Uganda matanga hayakufungwa. Yangefungwaje, na hawajui mtu wao amelala wapi au kama amelala? Kiden alikataa kunyoa nywele. Usingizi wa watoto ulikuwa wa kushtukashtuka. Miezi mitatu ilipopita Santina alimwachia kadi ya chakula, akaenda Juba kwa mpwa wake Helen, mtaa wa New Site, akatafuta kazi ili wajukuu wapate chochote zaidi ya mahindi ya msaada.

Basi siku lori la Konga liliposhusha mzigo, na wabebaji wakausimamisha mlango wa mkangazi karibu na meza ya karata, Santina aliona kile kipande cheupe cha pembe ya chini. Alipapasa vigingi kimoja kimoja. Konga alikuwa ameshaondoka kwenda bandari ya mtoni.

Alikaa siku mbili na jambo hilo. Siku ya tatu akapiga moyo konde, akaenda ofisini kwa meneja. Meneja aliitwa Albino, kijana wa watu aliyekulia Nairobi, mwenye adabu za haraka haraka na simu mbili. Santina alimweleza yote: mumewe, wabebaji wanne, desturi ya kutaja jina, Lino aliyeachwa njiani. Alisema hataki mlango. Anataka tu akutanishwe na Konga amuulize.

Albino aliweka chini simu zote mbili.

"Mama Santina, hii stori ni kali. Pole sana, lakini ni kali. Unajua wageni wangu wamechoka kuangalia mbao? Wanataka kujua mbao ilikuwa ya nani."

"Nataka kumuona Konga, mwanangu."

"Konga nitakuitia, hiyo niachie mimi. Lakini na wewe nisaidie. Wakenya, Waganda, Wakongo, wote hapa wanasikia Kiswahili. Wasimulie hivyo hivyo ulivyonisimulia. Dakika tano tu, jioni, kabla meza hazijafunguliwa."

Angeweza kukataa, na huenda angempata Konga kwa njia nyingine, baada ya mwaka au asimpate kabisa. Alikubali. Kila jioni alisimama kando ya mlango wa mumewe akiwa na aproni, akamtaja Lino mbele ya watu wenye bia. Baadhi walitoa machozi, mmoja alimkumbatia. Kisha meza zilifunguliwa na wote wakakimbilia viti. Albino akabandika kibao cha shaba kuhusu mlango wa wafu, na watu wakaanza kuja kutoka hoteli nyingine kuuona. Alipomwambia Konga kwa simu kwamba vitu vyenye stori ndivyo anavyovitaka sasa, Santina alikuwa palepale akipangusa dirisha, akasikia, hakutia maanani.

Konga alifika wiki ya nne. Alikuwa mtu mnene, mpole wa macho, na alitoka kwao kabisa, vijiji vitatu kutoka Limi. Santina alishukuru Mungu kwa hilo. Mtu wa kwao haelezwi desturi. Alifuta mikono, akaweka kiganja juu ya mlango, akataja jina lote kama inavyotakiwa: Lino, mwana wa fundi Soro, wa Limi.

Konga alitazama mlango, akakitazama kibao cha shaba, akamtazama mama mwenyewe aliyekuwa ameanza kulia.

"Sisi nakuta yeye, mama," alisema taratibu, kwa kile Kiswahili cha barabarani alichokitumia na kila mtu pale hotelini. "Iko analala vizuri tu. Tukachimba chini ya mkwaju, tukafunika na blanketi ya bluu. Tukaomba Baba Yetu. Kalas, basi, iko anapumzika."

Santina aliishika mikono yake, akailowesha kwa machozi, akambariki yeye na watoto wake. Jioni hiyo alimpigia Kiden. Kule kambini walimnyoa Kiden nywele, wakapika, katekista akaongoza sala, matanga yakafungwa baada ya mwaka mzima na ushei. Kiden alituma habari kwamba watoto wamelala mpaka asubuhi. Santina alifanya kazi wiki hiyo akiimba chinichini. Raha ilimkolea.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomsumbua, naye alilisukuma mbali. Limi hakuna mkwaju. Mikwaju iko bondeni, mwendo wa saa mbili. Alijiambia labda uko mmoja ambao hakuwahi kuuona, yeye aliyechota maji na kuokota kuni pale tangu utoto wake.

Wiki tatu baadaye Konga alileta dirisha la zahanati, lenye nondo na rangi ya kijani. Santina alikuwa amechuchumaa nyuma ya nguzo akisugua sakafu. Alimsikia Konga akimwambia Albino kwamba ndani ya zahanati walimkuta bibi mmoja mkunga amekufa.

"Tukachimba chini ya mkwaju, bosi. Tukafunika na blanketi ya bluu. Tukaomba Baba Yetu."

Albino alikuwa anaandika. "Ngoja, blanketi rangi gani?"

"Bluu."

Santina aliinuka na tambara linalochuruzika. Albino alipokea simu akatoka nje, wakabaki wawili, na Konga hakupata pa kuweka macho.

"Wewe ni wa kwetu, Konga. Nilikutajia jina."

"Mama, malesh, samahani."

"Nilikutajia jina mkono wangu ukiwa juu ya mlango!"

"Mimi hata Limi sijafika, mama. Hiyo mlango mimi nanunua kwa askari njiani, iko juu ya gari yao tayari. Mimi sijui mtoto yako. Wewe ilikuwa nalia, na bosi iko nataka stori." Akakuna kichwa. "Mimi nikaona nikupe kitu."

"Na desturi?"

"Desturi ilibaki kule, mama. Hapa ni hoteli."

Angeweza kumchapa tambara la uso. Aliudhika zaidi na nafsi yake. Yeye ndiye aliyeleta kilio chake ukumbini, akakisimulia mpaka wakajua kina faida, na sasa wameshaanza kukitengeneza wenyewe bila yeye. Hata kama kesho angetokea mtu aliyemzika Lino kweli, angemwaminije? Mlango ule ulikuwa njia yake pekee ya kufika kwa mwanawe, naye aliuchafua kwa mdomo wake. Akakaa kwenye benchi la kanisa, katikati ya alama za glasi.

Simu yake ililia mfukoni. Ilikuwa Kiden, na nyuma yake sauti za watoto wakigombania kuongea.

"Mama, shikamoo. Hatukukawishi. Watoto wanachora kanisa la Limi kwenye daftari, wanataka kuweka kaburi la baba yao. Wameniuliza na mimi sikumbuki. Ule mkwaju uko upande gani?"

Santina alimtazama Konga, aliyekuwa anakunja kamba zake ili aende. Alisikia pumzi za watoto wakisubiri.

"Upande wa mashariki," alisema. "Jua linakotokea. Mkwaju mkubwa, mwanangu. Waambie wauchore mkubwa."